Sola ya mkopo au ya keshi? Mi nishalipia, nawapa hesabu yangu

Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama mimi ndo nimekuzidi basi marahaba. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana hili jambo nimelieleza kwa mdomo mpaka nimechoka, kila wiki anakuja mtu hapa gengeni kwangu ananunua fungu moja la nyanya af anaanza, eti Mama Salma ile sola yako ulikopa au ulinunua keshi, na mi nifanyeje. Sa nimeona bora niandike mara moja, akija mwingine nimwambie kasome gazeti, mi niuze nyanya zangu kwa amani.

Nipo Handeni huku, kitongojini, sio mjini. Nguzo za REA, wale wakala wa umeme vijijini, zilipita barabara kubwa zikafika shule ya msingi na zahanati zikaishia pale. Kwenye makaratasi kijiji chetu kina umeme, na kweli kinao, ila sisi wa huku bondeni tunaona taa za shule zinawaka usiku na sisi tunashika tochi. Kwa hiyo msitushangae tuliposaini haraka.

Walikuja vijana wawili na pikipiki, wamevaa fulana za kampuni, jina silitaji maana sijaja kugombana na mtu, wakatandaza vitu kwenye mkeka wangu: paneli ya wati 100, kiboksi chenye betri ndani, taa nne, waya wa kuchajia simu na tivii ya inchi 24. Kianzio elfu 55, baada ya hapo shilingi 1,100 kila siku kwa miaka mitatu. Yule mmoja mwembamba akasema mama, hiyo haifiki hata soda mbili, unashindwa soda mbili? Kwa kweli soda mbili sishindwi. Ila mi sinywi soda mbili kila siku miaka mitatu mfululizo, na hilo ndo sikuliwaza, Baba Salma akasaini na jioni ile ile taa zikawaka, watoto wanapiga kelele kama harusi.

Nieleze kiboksi chenyewe kwa wasiokijua. Kinakaa ukutani, kina vitufe vya namba kama vya simu za zamani na vitaa vidogo pembeni, kijani kikiwaka una siku, chekundu kikiwaka siku zimeisha. Unalipa kwa simu, inakuja meseji yenye tokeni, unaibonyeza pale kama unavyobonyeza LUKU. Huu mtindo usingewezekana bila pesa za simu, M-Pesa imeanza Kenya 2007 na hapa kwetu 2008, zamani nani angezunguka vitongojini kila siku kukusanya mia mia? Hapo nawapa haki yao. Nililipa za wiki nikiwa nazo, nililipa ya siku moja nikiwa sina, hakuna aliyenifokea.

Shida ni kwamba siku usiyolipa haihesabiki. Kinazima, na mkataba unasogea mbele. Miezi ya kulima huku hela hakuna, kila mtu anakopa gengeni na mimi nakopa kwa mwingine, kwa hiyo miaka yangu mitatu iliisha ikiwa mitatu na miezi mitano. Deni halikuongezeka, hilo niseme ukweli, ila usiku wa giza tulikuwa nao wengi tu.

Na kuna ile siku ya dabi. Simba na Yanga, tivii nimeitoa barazani, watu kama ishirini wamekaa kwenye mikeka na ndoo zilizofunikwa, mi nimepika kahawa na kashata nauza. Dakika ya sabini hivi picha ikakata. Kimya! Nikakimbia ndani nakuta kitaa chekundu. Baba Salma anaapa kalipa toka saa tisa mchana na kweli hela imekatwa, muamala upo, ila meseji ya tokeni haiji, mtandao umelala. Namba ya huduma kwa wateja inapiga muziki tu. Betri imejaa maana jua lilichoma siku nzima mpaka mbuzi wamejibanza ukutani, paneli iko juu ya bati langu, na sisi tuko gizani. Watu wakahamia kwenye simu ya kijana wa bodaboda kusikiliza redio, kashata zangu zikabaki kwenye sinia. Tokeni iliingia saa nne usiku. Ndo siku nilielewa maana ya kitu kuwa kwako bila kuwa chako.

Sasa mtasema huyu mama anataka tununue keshi. Subirini kidogo.

Shemeji yangu alinicheka sana, akasema nyie mnalipishwa kama wapangaji, akauza ng'ombe wawili akapanda basi mpaka Dar, Kariakoo, akarudi na mzigo wake: paneli imebandikwa karatasi inasema wati 300, betri ya gari N70, inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO, imeandikwa wati 2000, na waya mwembamba kama wa redio. Miezi minne alikuwa mfalme, anachajia watu simu, anapiga muziki mpaka usiku wa manane. Mwezi wa nane tivii inaenda saa moja inazima. Mwezi wa kumi na moja hata taa zikawa zinawaka kama vimulimuli.

Tukamwita kijana wa jirani aliyesoma umeme VETA aje aangalie. Cha kwanza hakugusa waya, aliomba futi kamba. Akapima paneli, mita moja na sentimita ishirini kwa sentimita hamsini na nne. Akacheka. Anasema jua kali la saa sita linashusha kama wati 1,000 kwenye mita moja ya mraba, na paneli nzuri za siku hizi zinakamata kama humusi yake tu, yaani wati 200 na kidogo kwa mita ya mraba. Hii ya shemeji haifiki hata theluthi mbili za mita ya mraba, kwa hiyo hata ikiwa nzuri kabisa itatoa kama wati 150 tu, hiyo 300 ni karatasi tu. Yani futi kamba ya fundi cherehani ingemuokolea ng'ombe mmoja. Tangu siku ile mtu akiniambia anaenda kununua paneli namwambia beba futi kamba.

Na betri ndo kabisa. Betri ya gari imetengenezwa ipige stata, inatoa nguvu nyingi kwa sekunde chache af gari lenyewe linaijaza tena. Ukiikamua kila usiku mpaka iishe inakufa kabla ya mwaka. Betri za sola zile za jeli au za maji zinavumilia, lakini nazo ukizikamua zaidi ya nusu kila siku unazifupishia maisha, ya ampea 100 uihesabu kama una 50. Za lithiamu ndo unaweza kutumia karibu zote na zinaenda miaka mingi, tatizo bei yake unashika kifua. Paneli yenyewe nzuri inaweza kukaa miaka 25 juu ya bati, ikipungua nguvu kidogo kidogo tu. Kwa hiyo mtu anayekuuliza utanunua paneli au utakodi anauliza swali la nusu, paneli sio tatizo, tatizo ni nani atalipa betri ikifa.

Na hapa ndo mkopo wangu ulinitetea. Mwaka wa pili betri yangu ilichoka, taa zinazima saa tatu, nikapiga simu nikapiga tena, siku ya kumi na mbili akaja kijana akafungua kiboksi akaweka nyingine, sikutoa hata mia. Ilikuwa ndani ya waranti na ilikuwa faida yao pia, maana taa zisipowaka mi silipi. Shemeji yeye alirudi Kariakoo na risiti, nauli kwenda na kurudi, yule muuzaji akamwambia risiti imeandikwa mali ikiuzwa hairudishwi.

Hesabu zangu hizi hapa, niliziandika kwenye daftari la madeni la genge. Kianzio 55,000. Shilingi 1,100 mara siku 1,095 ni 1,204,500. Jumla 1,259,500. Nilipomaliza nikaenda dukani Handeni mjini, duka la mtu ninayemjua, nikauliza vitu vile vile kimoja kimoja kwa keshi. Paneli ya wati 100 ya kweli 110,000, betri ya jeli ampea 50 laki na 70, chaja kontrola, ile inayosimamia betri ikichajiwa, 25,000, taa nne 20,000, tivii ya inchi 24 ya DC, inayotumia umeme wa betri moja kwa moja, 260,000, waya na fundi 60,000. Inakuja 645,000. Tofauti ni 614,500! Nilikaa chini kwenye benchi la duka. Yule kijana akaniletea maji akidhani presha.

Toa betri moja waliyonibadilishia bure, inabaki 444,500. Hiyo ndo bei niliyolipa kwa kutokuwa na laki sita na nusu mkononi siku ile. Kuna watu wataona ni wizi, mi sioni wizi moja kwa moja, hela ya mtu ikikaa kwako miaka mitatu ina bei yake, na vijana wa pikipiki wanataka mshahara, ila ningependa ningeambiwa siku ile ile kwenye mkeka. Milioni moja na laki mbili na nusu, semeni kwa sauti. Hawakusema hata mara moja. Walisema soda.

Kuna na hii ambayo watu wa vijijini tunaisahau. Mteja mdogo wa TANESCO, yule wa D1 ambaye hazidi uniti 75 kwa mwezi, uniti moja ni shilingi 100, ukiongeza VAT na makato ya REA na ya EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, inafika kama 122. Kijana wa VETA alinipigia matumizi yangu: taa nne, tivii masaa matano, simu za nyumba nzima, ni kama robo uniti kwa siku. Mwezi mzima uniti saba na nusu. Hiyo haifiki shilingi 1,000. Yani mwezi mzima wa TANESCO ni pungufu ya nilichokuwa nalipa sola kwa siku moja. Najua najua, nguzo haipo, na hata ikiwepo kuunganishiwa kijijini ni 27,000 lakini bado kuna kufunga waya ndani ya nyumba au uombe kile kiboksi cha UMETA, yaani Umeme Tayari, cha nyumba isiyofungwa waya, na ukikatika unakatika kijiji kizima. Lakini kama nguzo zimeshalazwa chini mtaani kwenu, kusaini mkataba wa miaka mitatu ni kujitafutia ugonjwa. Kamuulize mwenyekiti wa kitongoji kwanza, tena sio kwa maneno, akuonyeshe kama mko kwenye orodha.

Halafu soma mkataba wenyewe ni wa aina gani, maana iko miwili inafanana usoni. Mmoja unalipa mpaka inakuwa yako, kama wangu. Mwingine ni kukodi, unalipa unavyotumia na haiwi yako hata ulipe miaka kumi, siku ukiacha wanakuja kung'oa. Huo wa kukodi watu wanaudharau lakini kwa mpangaji anayehama hama, au mwalimu anayengoja uhamisho, au kule ambako nguzo zinakuja karibuni, mi naona una maana kuliko wangu, mradi betri na matengenezo ni juu yao na kurudisha hakuna faini. Kwa aliyejenga kwake na hana habari ya kuhama, kukodi ni kumpa mtu hela milele.

Ningeanza upya leo? Ningenunua kama tunavyojenga nyumba huku, tofali leo bati mwakani. Kwenye kikoba chetu nakopa laki tatu, riba inarudi kwetu wenyewe mwisho wa mwaka tukigawana. Naanza na paneli kubwa kidogo kuliko mahitaji, betri ya sola sio ya gari, kontrola na taa. Tivii baadae, tivii ndo inakula hela kwenye hizi hesabu na watu hawaioni, kwangu ilikuwa 260,000 kati ya 645,000. Paneli unaweza kuongeza nyingine juu yake ukipata. Betri ndo usichanganye, mpya na ya zamani zikiungwa pamoja ile mbovu inaivuta nzuri, kwa hiyo kwenye betri usibahatishe, nunua inayotosha toka mwanzo. Kiboksi cha kampuni chenyewe hakikubali paneli ya nje, nilijaribu, kimekataa. Kwa hiyo aliyeazimia kukua, aweke na friji ya soda siku moja, mkopo wa kiboksi utambana.

Na fundi awe mtu mwenye leseni, EWURA wanatoa leseni kwa mafundi umeme, muombe akuonyeshe, asikasirike. Shemeji paneli yake ilifungwa upande wa mwarobaini, kuanzia saa nane mchana kivuli cha tawi kinakaa kwenye kona moja, sasa paneli kona moja ikipata kivuli inapoteza nguvu nyingi sio ya kona ile tu. Kwetu huku kusini ya ikweta iangalie kaskazini, mlalo kidogo mvua iweze kuisafisha, na kiangazi vumbi letu jekundu mlijue, futa asubuhi na kitambaa chenye maji kabla halijapata moto.

Kampuni nazo nazisema kwa heshima. Andikeni jumla ya bei kwa Kiswahili, ukurasa wa kwanza, herufi kubwa. Andikeni betri ina waranti ya miezi mingapi. Andikeni mwenye mkataba akifa deni linakuwaje, maana Baba Salma alisaini yeye na tulipouliza yule kijana akajibu mama usiwaze mabaya. Na mteja akimaliza afunguliwe siku ile ile, mi nimemaliza kulipa nikakaa wiki tatu nasubiri tokeni ya mwisho ya kufungua moja kwa moja, naambiwa iko makao makuu inashughulikiwa. Wiki tatu nimemaliza deni na kitaa chekundu kinaniangalia!

Hili la kufungua lina uzito kuliko watu wanavyodhani. 2019 kampuni ya Kijerumani, Mobisol, iliyokuwa na wateja wengi hapa Tanzania na Rwanda na Kenya, iliingia kwenye kufilisika, ikaja kununuliwa na Engie ya Ufaransa mwaka huo huo. Hao walipata mnunuzi. Siku kampuni nyingine ikianguka ikakosa mnunuzi, tokeni za watu waliomaliza nusu ya deni atazitoa nani? Serikali ingewabana kabla ya kuwaruhusu kuuza, waweke mahali panapoeleweka namna ya kufungua viboksi vyote endapo wenyewe hawapo.

Nimeandika ndefu nisameheni, wateja wamepungua jua limekuwa kali. Shemeji sasa hivi yuko kwenye kikoba chetu, anasubiri zamu yake ya mkopo wa betri, na futi kamba kaazima kwa fundi cherehani toka Jumatatu hajairudisha. Sisi tokeni ya mwisho ilishaingia, kiboksi kipo pale pale ukutani na kitaa cha kijani hakizimi tena. Baba Salma mpaka leo hawezi kulala bila kwenda kukichungulia.

Mama Salma,
Handeni, Tanga